Kuchora Mjadala wa Ardhi: Mwongozo kwa Wasanii na Viongozi wa Vijiji vya Tabora

Mkutano wa kijiji unaojadili ardhi kwa maneno matupu huishia kuwa wa watu wachache: mwenyekiti, mtendaji, wazee wawili watatu wenye sauti, na yule mmoja anayejua vifungu vya sheria. Wengine husikiliza, kisha huondoka na yao moyoni. Watandikieni kitambaa cha mita 3 chenye kisima chao, njia yao ya ng'ombe na msitu wao, na mama aliyekaa nyuma kabisa atainuka kuonyesha kwa kidole kwamba kisima hakiko hapo mlipokiweka. Mjadala umeanza.

Kazi inayoelezwa hapa ina sehemu tatu: kitambaa cha ramani, kadi nne za picha, na mchoro wa ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Zote zinafuata kanuni moja. Mahali penye mgogoro hapachorwi, panaachwa wazi. Msanii akipajaza rangi ameshatoa hukumu, na hukumu ya ardhi si yake.

Kabla ya kushika brashi

Anzeni na barua kwa halmashauri ya kijiji kupitia kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na afisa ardhi wa wilaya. Barua iseme wazi mambo matatu: mchoro ni wa mazungumzo na si wa upimaji, jina la mwenye shamba halitaandikwa popote, na kitambaa kitabaki mali ya kijiji. Ombeni muhtasari wa kikao kilichokubali, ukiwa na muhuri. Kisha piteni kitongoji kwa kitongoji mkieleza kwa mdomo. Msiruke hatua hii. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, Sikonge au Kaliua kwa mfano, mgeni anayeuliza habari za mashamba huku ameshika karatasi hudhaniwa kuwa ametumwa kusogeza mpaka wa hifadhi au kumtafutia mwekezaji eneo. Dhana hiyo ikishakaa, hakuna picha itakayoiondoa.

Ulizeni pia kama kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Kama vipo, azimeni nakala ya ramani iwe kando yenu wakati wote. Kama mpango haujaandaliwa, kazi hii inafaa kwenye hatua ya tathmini shirikishi, ambayo ni ya pili kati ya hatua sita za Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Afisa ardhi akielewa hivyo, ataona mnamrahisishia kazi badala ya kumwingilia.

Chagueni kiangazi. Kuanzia Novemba hadi Aprili watu wako mashambani, na wakulima wa tumbaku huendelea na mabani (vibanda vya kukaushia tumbaku) na masoko hata mvua zikiisha. Juni hadi Septemba panakuwa na nafasi. Epukeni siku ya mnada, siku za ibada, na msimu wa kampeni wote, kwa sababu picha ya ardhi wakati wa uchaguzi huwa ya chama hata kama hamkukusudia.

Vifaa vya kitambaa na kadi:

- amerikani ya kutosha kushona kipande cha mita 3 kwa 2
- rangi nyeupe ya maji, lita 2
- rangi za maji za kahawia, njano, buluu, kijani na nyeusi, nusu lita kila moja
- brashi ya inchi 4 moja, za inchi 1 tatu, na ndogo za kuchorea nne
- nailoni inayoonyesha, ya kutandika mezani, mita 3
- kalamu za makapeni, mkaa wa kuchorea, chaki boksi moja
- uzi wa katani mita 20 na pini kubwa pakiti moja (miiba ya mgunga nayo inafanya kazi)
- manila nyeupe nne
- bomba la plastiki la mita 2 na ushee, la kuviringishia kitambaa

Shoneni kitambaa kwa mshono bapa, mkikaze kwenye fremu ya fito, ndipo mpake rangi nyeupe iliyoongezwa maji: sehemu 3 za rangi kwa 1 ya maji. Mkono wa kwanza utanywa karibu lita nzima. Ukikauka, pakeni wa pili. Kitambaa kisichokazwa hujikunja kikikauka na mistari yote hupinda. Rangi ya mafuta msiitumie hapa: mafuta hupenya kwenye uzi, kitambaa hukakamaa, na kikikunjwa mara chache hupasuka. Hata cha rangi ya maji huviringishwa kwenye bomba, picha ikiwa upande wa nje. Msikikunje.

Ramani ya chini kwanza

Kitambaa hakianzi na msanii. Kinaanzia mavumbini.

Gawanyeni watu makundi manne: wanawake, wanaume wazee, vijana, na wafugaji. Kila kundi lichore ramani ya kijiji chini kwa majivu, pumba, mawe, majani na magunzi, mbali kidogo na wenzao. Wapeni kama saa moja. Sababu ya kuwatenga ni kwamba kila kundi hutembea kijiji chake. Wanawake wataonyesha visima, njia za kuni na majaruba. Vijana wataonyesha maeneo wanayokodi kwa sababu hawajagawiwa. Wafugaji wataonyesha njia ya kwenda lamboni ambayo kwenye ramani ya wazee haipo kabisa. Tofauti hizo ndizo mali ya siku hiyo.

Waanze na vitu visivyobishaniwa: shule, zahanati, barabara, mto. Kijiji kilicho kando ya Reli ya Kati kina bahati, maana reli iko palepale tangu ilipofika Tabora mwaka 1912 na kila mtu anajua inaelekea wapi. Ichoreni kwanza iwe msingi wa vipimo vingine. Mipaka ije mwisho kabisa.

Kinachoharibu hatua hii ni fimbo. Mtu mmoja, mara nyingi kiongozi, huokota kijiti na kuanza kuchora, wengine wanageuka watazamaji. Msimnyang'anye. Mwombeni kwa heshima, "Mzee, tunakuomba utuangalizie makundi yote, utuambie yanapotofautiana." Amepata kazi inayolingana na hadhi yake, na kijiti kimerudi kwa kundi.

Pigeni picha ramani zote nne kutoka juu, mtu akisimama kwenye kiti au kwenye tela, kisha makundi yatembeleane. Msanii aandike kwenye daftari orodha mbili: yale ambayo makundi yote yamekubaliana, na yale yanayogongana. Orodha ya kwanza ndiyo itakayopakwa rangi. Ya pili haipakwi.

Kuchora kitambaa

Chukueni karatasi, ichoreni miraba ya sentimita 2, mpange juu yake yale waliyokubaliana. Kwenye kitambaa pigeni uzi uliopakwa chaki kupata miraba ya sentimita 20, kisha hamisheni mraba kwa mraba. Nyumba, mti na ng'ombe visipungue sentimita 15, watu wasipungue 25. Maandishi yatakayosomwa na mtu aliye mita 10 yanataka herufi za sentimita 8, kwa hiyo andikeni machache: majina ya vitongoji, mito, basi.

Kwa mkono wa uchoraji, mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, una mengi ya kufundisha: umbo bapa, ukingo uliokolea, mandhari ya rangi moja. Mtu mwenye macho hafifu anauona kutoka mbali. Nukta na maua ya kujazia nafasi yaacheni, kwa sababu hapa nafasi tupu ina kazi.

Rangi zina siasa. Kijani na njano zikikaa pamoja zinasoma kama CCM; zambarau, hasa ukielekea Kigoma, inasoma kama ACT-Wazalendo. Msitu lazima uwe wa kijani, hilo halina mjadala, ila mtenganisheni na njano kwa kahawia, na msimvishe kiongozi yeyote ndani ya picha hizi rangi za chama. Alama ya X nyekundu ni marufuku kabisa. Mtanzania akiiona anakumbuka nyumba zilizo kwenye hifadhi ya barabara zikisubiri kubomolewa, na atataka kujua nyumba gani mmeiwekea.

Msimtambulishe mfugaji au mkulima kwa kabila lake, kwa vazi, kwa shanga wala kwa silaha. Tabora kuna Wanyamwezi wenye mifugo na Wasukuma wanaolima tumbaku, mpunga na karanga. Mchoreni ng'ombe huyohuyo akivuta plau upande mmoja na akichungwa upande wa pili. Picha hiyo peke yake imeshavunja mstari ambao watu walidhani umewagawa.

Pale penye mgongano, kitambaa kibaki cheupe. Mipaka inayobishaniwa iwekwe kwa uzi wa katani ulioshikizwa na pini, ili mtu aweze kuuhamisha mkutanoni na mwenzake kuurudisha. Watu wasiothubutu kusema "mwenyekiti amekosea" huthubutu kuchomoa pini.

Juu ya kitambaa tandikeni nailoni. Hii ni ya mahame, yaani makazi yaliyoachwa. Vijiji vingi vya Tabora vilikusanywa wakati wa Operesheni Vijiji, Serikali ilipowahamishia watu vijijini miaka ya 1970, na mpaka leo kuna familia zinazodai mashamba ya babu kwenye eneo alilogawiwa mwingine. Waombeni wazee wachore kwa makapeni, juu ya nailoni, mahali kaya zilipokuwa kabla ya kuhamishwa. Nailoni ikiwekwa, kijiji cha zamani kinaonekana juu ya cha sasa. Ikiondolewa, kinabaki cha sasa. Mwezeshaji awe anajua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 15, ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Asiwasomee hilo mwanzoni. Watu wanahitaji kwanza kuonyesha walikotoka na kusikilizwa, na wakinyimwa hilo kifungu hakitawatuliza.

Kadi nne

Kila kadi ni manila moja, picha moja, bila neno hata moja upande wa mbele. Nyuma mwezeshaji anaandika hoja za kisheria kwa penseli, kwa ajili yake.

*Mjane.* Mama amesimama mlangoni na watoto wawili, wanaume watatu wanapima shamba kwa hatua. Sura za wanaume zisiwe za ukatili. Wakichorwa kama majambazi, shemeji aliyeko mkutanoni atasema "mimi siko hivyo" na kujiondoa kwenye hoja. Nyuma ya kadi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo.

*Njia ya ng'ombe.* Kundi la ng'ombe limefika mahali njia inapozibwa na shamba la tumbaku lililostawi. Lambo linaonekana kwa mbali. Hakuna mtu kwenye picha. Kutokuwepo kwa mtu kunawafanya wasikilizaji waseme nani alipaswa kuwepo. Nyuma: njia za mifugo na maeneo ya malisho hutengwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na kuna Sheria ya Maeneo ya Malisho ya mwaka 2010.

*Gari jeupe.* Gari limeegeshwa chini ya mwembe, watu wawili wanakunjua karatasi, wanakijiji wanatazama kwa mbali. Nyuma: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishiwa kwenye ardhi ya jumla (isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), eneo la chini ya hekta 250, yaani kama ekari 618, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri anaamua. Kadi hii huamsha maneno makali, kwa hiyo isiwe ya kwanza.

*Misitu miwili.* Upande wa kushoto msitu wenye jiwe la mpaka, upande wa kulia msitu usio nalo, mizinga ya nyuki imetundikwa pande zote mbili. Nyuma: msitu wa hifadhi wa Serikali uko kwenye ardhi ya hifadhi, msitu wa hifadhi wa kijiji, unaotambuliwa na Sheria ya Misitu ya 2002, uko chini ya kijiji chenyewe. Kwa mkoa unaoishi kwa asali na miombo kama Tabora, kadi hii inastahili muda kuliko zote. Warina asali wengi hawaelezwi ni msitu upi unaotaka kibali cha nani, na migongano yao na askari wa misitu huanzia hapo.

Kabla ya mkutano, waonyesheni kadi watu watano au sita wa rika tofauti, mmoja mmoja, mkiuliza tu "Unaona nini?" Wawili wakiona kitu msichokusudia, kadi ichorwe upya. Karatasi inayokunjuliwa, kwa mfano, inaweza kuonekana kama gazeti. Iwekeeni mistari ya viwanja.

Siku ya mkutano

Mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Wekeni saa ambayo akina mama wamemaliza maji na mashamba, mara nyingi kuanzia saa 9 alasiri. Kitambaa kitandikwe chini, si kutundikwa, watu wakae kukizunguka. Kikitundikwa, mbele panakuwa na mwalimu na wengine wanakuwa wanafunzi.

Dakika 20 za mwanzo ni za kusahihisha. "Tumekosea wapi?" Kisima, kanisa, msikiti, mti uliokatwa. Sahihisheni palepale kwa mkaa mbele ya macho yao. Mtu aliyeona kosa dogo likirekebishwa ataamini kwamba hata kubwa linasikilizwa.

Halafu kadi, mbili kwa mkutano, zisizidi. Maswali yafuate mpangilio huu: Mnaona nini? Hili hutokea hapa kwetu? Nani anapata, nani anakosa? Uamuzi wa jambo hili ni wa nani? Msirukie la nne. Swali la kwanza hujibiwa hata na mtoto, na ndilo linalofungua midomo. Watu wakijibu la nne wenyewe ndipo mwezeshaji ageuze kadi asome sheria inasemaje. Sheria ikija mwanzo, wanyamaza kama darasani. Na mtu akitaja jina la jirani, mwezeshaji amrudishe kwenye picha: "Mama, huyu wa kwenye kadi, tumshauri nini?"

Kwa jambo ambalo watu wanaona haya kulisemea hadharani, wekeni makopo mawili nyuma ya pazia, yaliyozibwa na kutobolewa tundu, kila moja lina picha ya chaguo lake. Wanawake wapewe punje za mahindi, wanaume za maharage. Mkihesabu mbele ya wote itaonekana siyo tu wangapi wametaka nini, bali pia kama wanawake na wanaume wametofautiana. Elezeni kwamba hiyo ni kupima mawazo; uamuzi halali unapigiwa kura na mkutano na kuandikwa kwenye muhtasari.

Mkutano ukichemka, kwa mfano watu wawili wameng'ang'ania uzi mmoja, msiwasuluhishe ninyi. Uzi ubaki pale ulipo, uwekewe namba ya karatasi, na kazi ihamie sehemu nyingine ya kitambaa.

Namba zile ziende wapi

Mtendaji awe na daftari lenye safu tano: namba, mahali, pande husika, kilichokubaliwa, nani anafuatilia na lini. Yasiyokubaliwa yapelekwe Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na watatu wao wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Asiyeridhika anaendelea ngazi za juu hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mgogoro wa mpaka kati ya kijiji na kijiji usimalizwe na kitambaa cha kijiji kimoja. Leteni vitambaa viwili, kimoja cha kila upande, mbele ya halmashauri zote mbili na afisa ardhi.

Daftari lisipofuatiliwa, kazi yote imekuwa maonyesho. Mkutano wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kitambaa kirudishwe kila mara, namba zisomwe moja moja, zilizokwisha zitolewe.

Ukuta

Ukuta uchorwe baada ya mikutano miwili angalau, mkutano mkuu ukiwa umepitisha kitakachowekwa. Chagueni ukuta wa mashariki wa ofisi ya kijiji: alasiri unakuwa kivulini na watu hukaa mbele yake bila kuungua. Plasta mpya ya saruji isubiri siku 28, vinginevyo ukali wake hubabua rangi. Ikitoa unga mweupe wa chumvi, sugueni kwa brashi kavu, msioshe. Tofali la udongo lisilopigwa plasta halishiki rangi. Hapo tundikeni bodi.

Kwa eneo la mita 4 kwa 2.5, rangi nyeupe lita 4 inatosha mikono miwili kama plasta ni laini, na lita 1 kwa kila rangi nyingine. Anzieni sentimita 60 kutoka chini, kwa sababu ya matope ya mvua na mbuzi. Miraba ni ileile ya sentimita 20.

Mahali ambapo bado hapajaamuliwa, pakeni rangi ya ubao wa shule, nusu lita inatosha. Pawe kati ya sentimita 90 na 150 kutoka chini, mtoto mkubwa na mtu wa kiti cha magurudumu wafikie. Kama mahali hapo panaangukia juu zaidi, vuteni mstari kutoka sehemu hiyo hadi kwenye ubao ulio chini. Kabla ya kuandika kwa mara ya kwanza, lazeni chaki, pakeni ubao wote, kisha ufuteni. Msipofanya hivyo herufi za kwanza hazitafutika tena.

Nembo ya mfadhili, kama yupo, isizidi ukubwa wa kiganja, na iwe pembeni. Nembo kubwa juu ya picha ya ardhi ya kijiji husomeka kwamba ardhi imeshapata mwenyewe. Chini kabisa andikeni tarehe na maneno haya: "Mchoro huu ni wa mazungumzo, si ramani ya upimaji. Mipaka halali ipo kwenye Cheti cha Ardhi ya Kijiji." Bila maneno hayo, kuna siku mtu ataleta picha ya ukuta barazani kama ushahidi.

Chaki iwekwe kwenye kopo dirishani kwa mtendaji, na mtu wa kuijaza atajwe kwa cheo kwenye muhtasari. Kila Jumatatu mtendaji anakili kwenye daftari yaliyoandikwa ubaoni kabla ya kufuta. Matusi na majina ya watu afute bila kunakili. Swali, hata likiwa chungu kwa ofisi yake, alinakili lilivyo.